Shangazi, niandike nilichokiona au niwafichie ndugu zangu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa Kitanzania. Wazazi wangu ni wa Tanga, ila tulihamia Houston nikiwa darasa la nne, baada ya baba kushinda bahati nasibu ya grinkadi. Chuo kikuu nimesoma hukuhuku Texas, na nilipofika mwaka wa pili nilijiunga na fraterniti, vile vyama vya udugu vya wanachuo vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Jina la chama sitalitaja. Kilinilea. Nilikuwa sina mtu pale chuoni, na wale vijana ndio walionipeleka hospitali usiku nilipougua, ndio walionichangia nauli babu alipofariki.

Nilipohitimu, makao makuu yakaniajiri kuwa mshauri wa matawi. Majira ya joto unafundishwa ofisini, halafu kuanzia Agosti unaingia barabarani. Unafika chuo fulani Jumatatu, unakaa na mwenyekiti wa tawi, unapitia hesabu za mweka hazina, unaangalia kama ada na bima vimelipwa, unahudhuria kikao chao, unaonana na ofisa wa chuo anayesimamia vyama hivi, unampigia mlezi wa tawi, unaandika ripoti, na Ijumaa unaondoka kwenda chuo kingine. Unalala nyumba ya tawi, chumba cha wageni kikiwepo. Kisipokuwepo, kochi linakuhusu. Nguo zangu zote ziko kwenye begi moja ndani ya gari na barua zangu zinakwenda kwa mama.

Sasa hivi niko Ohio. Juzi, kama saa saba usiku, nilishuka besimenti kufua mashati. Nikamkuta kijana mmoja kati ya wale wapya wa muhula huu anakunja nguo ambazo si zake. Vikapu vya plastiki vimepangwa ukutani, kila kimoja kimebandikwa utepe wenye jina la mkubwa wake. Magoti ya suruali yake yalikuwa meusi kwa uchafu wa sakafu. Juu ya mashine ya kukaushia palikuwa na foronya iliyofungwa fundo, na ndani yake kitu kinatetemeka na kuwakawaka. Nikauliza ni nini. Akasema ni simu za wapya wote, wanarudishiwa asubuhi.

Akaniuliza, "Wewe ni ndugu au ni mtu wa makao makuu?" Nikamwambia vyote viwili. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba Jumamosi ni usiku wa kupewa kaka mkubwa, yaani mwanachama wa zamani wa kumlea mpya. Kila mpya atakabidhiwa chupa yake ya wiski, na hatoki chumbani mpaka iishe. Mwaka jana mmoja alizimia. Walimlaza ubavu, wakamvalisha begi la vitabu mgongoni ili asigeuke, wakashika zamu hadi asubuhi. Hakuna aliyepiga simu.

Asubuhi nilimuuliza mwenyekiti wa tawi. Ni kijana mwema, Shangazi, nasema kweli. Hakukana. Alisema ni mila, kila aliyemo ndani ya nyumba ile ameipitia, na hakuna anayelazimishwa. Akasema nikiandika, tawi litafungwa, na wataumia hata wasiohusika. Akanikumbusha kiapo. Tena bosi wangu wa kanda amelelewa na tawi hilohilo, picha yake iko ukutani kwenye ngazi.

Nyumbani nako hakuna raha. Mama anaamini nimeingizwa Frimasoni, kwa sababu ya kiapo na mishumaa. Baba anauliza kama karo yote ile aliyolipa kwa kuendesha lori ilikuwa ili mimi nilale kwenye makochi ya watoto wa watu. Na nyumba nyingine nikibisha hodi wananidhani nimeleta chakula, maana mara nyingi mweusi ni mimi peke yangu.

Niandike? Au nizungumze nao kindugu waache, niondoke nao wakiwa salama? Na kazi hii niendelee nayo?

Mtoto wa Tanga, barabarani

*

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii sikuiacha ingoje zamu yake. Nilimjibu kijana siku ileile iliponifikia, tukazungumza kwa simu, na inatoka sasa kwa ruhusa yake, baada ya suala kufika mikononi mwa wanaohusika. Jina la chuo na la chama sikuwa nayo mwanzo na siyataki. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia siku ile, pamoja na mengine ambayo hatukupata nafasi nayo.

Umeniuliza kama uandike ripoti. Ripoti ya makao makuu inakuja baadaye. Kinachotangulia ni polisi, na ni leo, kabla hujala chakula cha jioni.

Nasema hivyo kwa sababu uko Ohio. Jimbo hilo lina sheria iitwayo Collin's Law, iliyoanza kutumika Oktoba 2021. Imepewa jina la Collin Wiant, kijana wa miaka 18 aliyekuwa anasoma Ohio University, aliyefariki Novemba 2018. Mswada ulisukumwa kwa nguvu zaidi baada ya Machi 2021, mwanafunzi mwingine, Stone Foltz wa chuo cha Bowling Green State, alipofariki baada ya kunyweshwa chupa ya pombe kali katika usiku wa aina hiyohiyo unaonisimulia, usiku wa kupewa kaka mkubwa. Alikuwa na miaka 20. Sheria hiyo inasema mtumishi, mwalimu, mshauri, mhitimu au mtu wa kujitolea wa taasisi yoyote, akijua habari za mateso ya kuwapokea wapya (kwa Kiingereza, hazing) akiwa kazini, atoe taarifa mara moja kwa polisi wa kaunti inakotokea au anakoishi aliyeteswa. Asipotoa, ametenda kosa la jinai. Umeliona neno mshauri? Limo ndani ya sheria kwa jina lake. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye mkataba wako.

Wewe una grinkadi, na bila shaka siku moja utaomba uraia. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa, na tabia yako ya miaka ya karibuni inapimwa. Vijana wa nyumba ile wengi wao wamezaliwa huko. Wakikosea, kesi yao inaishia mahakamani. Kesi yako wewe inaweza kukufuata hadi ofisi ya uhamiaji. Sikwambii hili nikutishe. Nakwambia kwa sababu anayekuomba ukae kimya hajui anakuomba nini.

Tuje kwenye Jumamosi yenyewe. Chupa ya kawaida ya wiski, ile ya mililita 750, ina vipimo karibu 17 kwa hesabu ya Marekani. Mtoto wa miaka 18 asiyezoea akiimaliza kwa saa moja au mbili, pombe inaendelea kupanda kwenye damu hata baada ya yeye kulala. Ndiyo maana mtu anaonekana amelala vizuri, anakoroma, na kumbe anakwisha. Lile begi la mgongoni nimelisikia kabla yako. Februari 2017, katika nyumba ya chama kimoja cha chuo cha Penn State, Timothy Piazza, mwenye miaka 19, aliporomoka ngazi za besimenti baada ya kunyweshwa, na miongoni mwa waliyofanya wenzake usiku ule ni kumvalisha begi mgongoni. Zilipita karibu saa 12 nzima tangu aanguke ndipo msaada ukaitwa. Kamera za nyumba zilirekodi usiku mzima. Hao pia walikuwa wanajiona wanamhudumia mwenzao. Kwa hiyo unaponiambia mwaka jana walishika zamu hadi asubuhi, mimi sisikii vijana waliomjali. Nasikia nyumba ambayo imeshafika ukingoni mara moja, ikarudi salama kwa bahati, na ikajifunza kwamba begi linatosha.

Na usiseme "nitazungumza nao kindugu". Ulishazungumza na mwenyekiti, na alichokujibu ni mila. Ukiondoka Ijumaa na ahadi yake, Jumamosi utakuwa njiani kuelekea chuo kingine na simu yako mfukoni. Yeye mwenyewe akitaka kuacha, kuna kundi zima la mwaka wa tatu na wa nne waliokunywa chupa zao na wanaona ni zamu yao kuzitoa. Kijana wa miaka 21 peke yake hana ubavu wa kuzuia hilo. Polisi wa chuo wana ubavu huo, mkuu wa wanafunzi anao, na makao makuu wanaweza kusimamisha shughuli zote za tawi kwa barua moja siku hiyohiyo.

Kwa namna ya kufanya, nilikwambia hivi. Toka nyumba ile na begi lako, chukua hoteli, risiti wapelekee ofisi. Kaa chini uandike ulichokiona kwa macho na ulichokisikia kwa masikio, kwa saa na mahali, bila kuongeza maana yako. Foronya yenye simu, iandike. Vikapu vyenye majina, viandike. Maneno ya kijana, yaandike kama alivyoyasema, na uonyeshe kwamba ni yeye aliyesema. Maneno ya mwenyekiti, vivyo hivyo. Kisha piga simu polisi, na uombe namba ya taarifa. Kisha ofisi ya chuo inayosimamia vyama hivi, na mkuu wa wanafunzi. Halafu makao makuu.

Hapo kwenye makao makuu usipige simu kwa bosi wako wa kanda ukaishia hapo. Simjui, na inawezekana kabisa ni mtu mwaminifu kuliko unavyohofia. Lakini picha yake iko ukutani kwenye ngazi ile, na hata yeye hapaswi kuachiwa uamuzi huu peke yake. Andika barua pepe moja, imfikie yeye na mkurugenzi mtendaji kwa pamoja, na anayeshughulikia sheria au bima kama yupo. Andika kwamba umeshatoa taarifa polisi, saa ngapi, na namba gani. Mkubwa akikupigia kukwambia "tusubiri kwanza", mjibu kwa maandishi kile alichokwambia, kwa heshima, ili kibaki.

Mtoto uliyemkuta besimenti ndiye ninayemfikiria zaidi. Alikuuliza swali la maana kuliko yote yaliyomo kwenye barua yako. Alitaka kujua kama akikwambia utamfaa au utamgeuka. Mwendee, ukiwa nje ya nyumba ile, umwambie ukweli: kwamba umetoa taarifa, kwamba utajitahidi jina lake lisitajwe kwa wakubwa wa tawi, na kwamba huwezi kumwahidi polisi hawatamuuliza. Usimwahidi usiri usioweza kuulinda. Mpe namba ya ofisi ya ushauri nasaha ya chuo. Mwambie pia apige 911, namba ya dharura, mwenzake yeyote akilala asiamshike, akipumua kwa kukatakata, au ngozi ikiwa ya baridi na ya bluu, na kwamba asingoje ruhusa ya mtu.

Sasa kiapo. Hapa naomba na mama yako asome, kama yupo karibu.

Vyama hivi vina historia ndefu. Cha kwanza kujiita kwa herufi za Kigiriki, Phi Beta Kappa, kilianzishwa mwaka 1776 katika College of William & Mary, Virginia, na leo ni jumuiya ya heshima kwa wanafunzi bora wa masomo. Vile vya udugu tunavyovijua vilianza karne ya 19, vingi kwenye vyuo vidogo vya New York na Ohio. Kiapo, mishumaa, alama ya kushikana mikono, maneno ya siri, hayo yote yapo, na ni kweli kwamba baadhi ya waanzilishi waliiga desturi za Frimasoni, maana zama zile kila jumuiya ya wanaume ilifanya hivyo. Lakini mtu mzima anaweza kuvichunguza vyama hivi kwa waliotoka humo. Martin Luther King alikuwa mwanachama wa Alpha Phi Alpha, chama cha Wamarekani weusi kilichoanzishwa chuo cha Cornell mwaka 1906. Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe, waliosoma Marekani kabla ya kuongoza nchi zao, Ghana na Nigeria, walikuwa wa Phi Beta Sigma, kilichoanzishwa chuo cha Howard mwaka 1914. Baba yako, kwa umri wake, Nkrumah anamjua. Mwanzie hapo.

Kinachofichwa kwa kiapo ni sherehe ya kuapishwa, na maneno na ishara zake. Basi. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya wanafunzi ya chuo kimoja huku, nimekaa vikao na wahitimu wazee wa vyama hivi, wengine wameapa miaka ya sitini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba kiapo chake kinamzuia kumwokoa mtoto. Kanuni za vyama vyenyewe zinakataza mateso ya wapya. Vyama vingi vikubwa vilivyomo kwenye umoja wao wa kitaifa vilikubaliana kuwa kuanzia Septemba 2019 pombe ya zaidi ya asilimia 15 isiwemo kwenye nyumba za matawi. Chupa za Jumamosi ni asilimia 40 hivi, na wanywaji hawajafika miaka 21 ambayo sheria inataka. Aliyevunja ahadi ni mwenye chupa. Wewe kwa kutoa taarifa unakitii chama ulichoapa, tena ulichoajiriwa nacho kukilinda.

Na hili la mila. Kwetu Tanga mtoto akipelekwa jandoni, mzazi anamjua ngariba, anamjua kungwi, na mtoto akipata homa usiku kuna mzee wa kuulizwa asubuhi. Kwenye besimenti ile mkubwa kuliko wote ana miaka 21, simu ziko kwenye foronya, na mama wa yule mtoto, popote alipo Marekani, anapiga simu isiyopokelewa akidhani mwanawe yuko maktaba. Wasikudanganye kwa neno mila.

Wanakwambia "hakuna anayelazimishwa". Kijana amehama nyumbani, hana rafiki chuoni, amelipa ada ya mwanzo, amewaambia wazazi amepata ndugu, halafu anawekwa chumbani na watu anaotaka wampende na anapewa chupa. Majimbo mengi huku hayakubali utetezi kwamba aliyeteswa alikubali, kwa sababu hiyohiyo. Nawe unajua, maana uliwahi kuwa yule asiye na mtu pale chuoni. Bahati yako tawi lako lilikupeleka hospitali. Wenzio wamekutana na matawi mengine.

Nimesikia jinsi unavyomwonea huruma mwenyekiti, na nakupenda kwa hilo. Mwonee huruma ya kweli basi. Baada ya kifo cha Foltz, waliokuwa wanachama wa tawi lile, watoto wa miaka ishirini na kitu, walisimama mahakamani, wengine wakakiri makosa na wengine wakapatikana na hatia. Chuo chenyewe kilikubali kulipa familia dola milioni 2.9. Huko Louisiana, Max Gruver alikufa Septemba 2017 akiwa na miaka 18, baada ya mchezo wa maswali ambapo ukikosa jibu unakunywa, na mwanafunzi mwenzake akahukumiwa kifungo. Ukimzuia huyu mwenyekiti kabla ya Jumamosi, atapoteza cheo na pengine uanachama. Atalia na atakuchukia. Lakini atamaliza shahada yake, na jina lake halitaunganishwa milele na jina la marehemu. Hilo hawezi kuliona sasa, na usipoteze muda kumwonyesha.

Tawi likifungwa je? Huenda likafungwa. Huenda likasimamishwa tu, kila mwanachama akahojiwa mmoja mmoja, wahusika wakatolewa na wengine wakabaki. Umeshafundishwa hayo ofisini, unajua yanavyofanyika. Matawi hufungwa na kufunguliwa upya baada ya miaka michache, kundi zima la zamani likishahitimu, na kazi ya kuyafungua mara nyingi hufanywa na washauri kama wewe, wanaokaa chuoni muhula mzima kutafuta waanzilishi wapya. Nyumba inajengwa tena. Tangu Desemba 2024 kuna pia sheria ya taifa zima, Stop Campus Hazing Act, inayovitaka vyuo viweke hadharani taarifa za vyama vilivyopatikana na makosa haya. Kwa hiyo zama za kuzimaliza kesi hizi chumbani zinakwisha hata kama wahitimu fulani hawajapata habari.

Kuhusu kudhaniwa umeleta chakula, limeniuma. Vingi vya vyama vya zamani vilikuwa na masharti ya wazi ya kuwakataa weusi, na baadhi Wayahudi, hadi katikati ya karne iliyopita, na ndiyo sababu akina Alpha Phi Alpha walianzisha vyao. Milango mingine bado ina tabia za mlango wa zamani. Ombeni ofisi ifanye jambo rahisi: kabla mshauri yeyote hajafika, picha na jina lake vitumwe kwa tawi lote, na mwenyekiti amngoje nje. Ukitukanwa waziwazi, liingie kwenye ripoti kama vile ungeandika deni la bima. Usilibebe kimya eti kwa sababu halihusiani na kazi. Linahusiana.

Baba sasa. Asiyeijua kazi hii hawezi kuona zaidi ya kochi. Mweleze kwa lugha anayoielewa mtu wa lori: wewe ni mkaguzi. Unafika kituoni, unafungua vitabu, unaangalia gari kama linafaa kuingia barabarani, na ukiona breki mbovu unaliandika hata kama dereva ni rafiki yako. Mwambie pia kwamba wengi huifanya kwa mwaka mmoja au miwili, na kwamba waliopitia humo wanapata kazi kwenye ofisi za vyuo, kwenye mashirika ya hisani, kwenye uongozi wa watu. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye usaili wa waombaji, na mtu aliyewahi kuingia vyuo vingi peke yake, akaongoza kikao cha vijana mia asiowajua na kuandika ripoti isiyoyumba, tulimwita tena. Na mwambie kilichotokea Ohio, kwa mdomo wako, kabla hajakisikia kwa mtu mwingine. Nadhani ataiheshimu kazi hii kuanzia siku hiyo.

Uendelee nayo? Muhula huu umalize, ikiwa ofisi imesimama nawe. Utaijua kwa mambo machache. Je, walisimamisha tawi au walikuuliza kwanza nani mwingine anajua? Je, walikupa siku za kupumzika au walikutuma chuo kinachofuata kesho yake? Je, mtu mkubwa pale alikuuliza hali yako? Majibu yakiwa mabaya, Desemba mkirudi ofisini, aga. Yakiwa mazuri, dai mambo mawili kabla ya kusaini mwaka wa pili: ulale hoteli badala ya nyumba za matawi, kwa sababu huwezi kumkagua mtu aliyekutandikia kitanda, na uwe na wikendi moja ya kila mwezi nyumbani Houston kwa nauli yao. Mama akuone. Ule chakula chake. Na kama umehamisha makazi popote, wajulishe uhamiaji ndani ya siku 10 kama sheria inavyotaka kwa mwenye grinkadi. Maadamu makazi yako ni kwa mama, yaache hapohapo.

La mwisho, ambalo hatukulizungumza siku ile. Suala kama hili likishafika polisi, chama kitaleta wakili, na wakili huyo atakuwa mpole sana kwako. Kabla hujamsimulia chochote, muulize kwa maandishi anamwakilisha nani, wewe au chama. Akisema chama, mwambie unashukuru, na utafute wako. Vyuo vingi vya sheria vina kliniki za msaada wa bure, na jumuiya ya Watanzania ya Houston haiwezi kukosa wakili. Wapigie wiki hii.

Shangazi